Mkono wa Jeli wa Kwenda Chunya

Mtoto wa dada yangu alikuwa anatimiza miaka kumi, na alichoomba si keki. Aliomba mkono. Mkono wa maiti, wa jeli, unaotikisika na wenye damu, aliuona kwenye simu ya baba yake. Akanipigia mimi kwa sababu mimi ndiye mamdogo wake, na kwa sababu nilikuwa nyumbani Ilomba, Mbeya mjini, nimemaliza form six, nasubiri matokeo. Kusubiri sikuwezi kabisa. Nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha fagiwa.

"Mamdogo, nimeshawaambia darasani."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba unaniletea mkono unaoliwa. Wamesema mimi muongo. Wamesema usipokuja nao hawakai na mimi tena."

Walikuwa wamehamia Chunya mwanzoni mwa mwaka, shemeji alipopata kazi kwenye machimbo. Siku ya kwanza shuleni dada alimvalisha mtoto sweta, kama tunavyofanya Mbeya asubuhi, bila kufikiria. Chunya, joto lile! Tangu siku hiyo hawakumwita kwa jina lake, walimwita Sweta. Aliyeanzisha ni binti mmoja wa darasa lao ambaye wenzake wote walimfuata, akicheka wanacheka, akinuna wananuna. Mtoto alikuwa amemwalika huyo huyo.

Nikamwambia mkono atapata. Sikumwambia nitajaribu.

Mama alinikuta jikoni naosha glavu ya duka la dawa, natoa ule unga wake wa ndani.

"Gwe, mkono wa marehemu mezani? Kwa mtoto aliyebatizwa?"

"Ni jeli mama. Chakula."

"Shetani naye anaanzaga na jeli hivyo hivyo."

Lakini hakuondoka. Alisimama anaangalia navyokoroga jeli ya paketi kwenye maziwa ya moto ili ipate rangi ya ngozi, halafu akasema, kama mtu anayelazimishwa, "Kucha weka karanga. Menya, pasua katikati." Nikamwangalia. Akajifanya anatafuta mwiko.

Maziwa nilizidisha. Jeli ilivyoelekezwa kwenye paketi haikutosha kujaza vidole vyote, na mimi sikutaka kurudi dukani kununua paketi nyingine, nikamimina maziwa mengine juu yake mpaka glavu ikavimba. Mama akauliza kama ndivyo ilivyoandikwa. Nikamjibu hayo maelekezo ni ya watu wa Dar. Huku kwetu mwezi wa saba mafuta ya kula yanaganda ndani ya dumu. Supu ya makongoro ukiiacha dirishani jioni, asubuhi unapindua sufuria na haidondoki. Nani kwetu amewahi kujiuliza kitu kitagandaje? Kinaganda tu, chenyewe.

Nikafunga glavu, nikaibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Asubuhi nilikuta imeganda safi. Niliishika mkono, ikatikisika taratibu kama mchungaji anavyokushika mkono mlangoni Jumapili. Nilifurahi mpaka nikaruka.

Shemeji alikuwa amekuja mjini kuchukua mabomba, tukaondoka na pikapu yake. Mkono niliulaza ndani ya ndoo, juu ya kitenge, na chupa ya damu pembeni, rozela niliyochemsha na sukari mpaka ikawa nzito. Mama akasema nichukue barafu kwa jirani.

"Barafu ya nini na baridi hii, mama? Shemeji, twende."

"Tulia shemeji. Gari inapashwa moto."

Mimi gari inayopashwa moto inanitoa jasho.

Kupanda mlima kulikuwa na ukungu, na mimi kila kona nafunua ndoo. Shemeji akauliza kama naogopa utatoroka. Tulipovuka juu na kuanza kushuka, ukungu ukaisha, jua likaingia kioo cha mbele. Nikavua mtandio. Baadaye nikavua sweta. Vumbi likaanza, tukafunga vioo, nikawa najipepea na kipande cha boksi. Nilijipepea mwenyewe njia nzima na sikukumbuka kwamba kwenye ile gari tulikuwa watatu wenye kusikia joto.

Nilipofunua tena, mkono haukutikisika. Ulimwagika upande mmoja kama puto la maji.

"Shemeji ongeza mwendo!"

"Nikiongeza utafika uji."

"Ni uji tayari!"

Akaangalia ndani ya ndoo, akaangalia barabara. Akaongeza mwendo.

Nyumbani kwa dada hakuna friji. Ng'ambo ya barabara kuna duka lenye friji ya soda, na mwenye duka ni mama mmoja mnene anayekaa mlangoni na kanga kiunoni. Nilimkimbilia na ndoo. Alipochungulia alirudi nyuma.

"Huo mkono wa nani?"

"Wa mtoto. Wa sherehe. Jeli, mama, naomba tu kidogo kwenye friji."

"Niuweke na soda za watu? Mteja afungue akute mkono?"

"Nitaufunika na kitenge."

"Sasa hapo ndiyo utakuwa maiti kabisa." Lakini alisogeza kreti, akaupokea mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anapokea mtoto mchanga.

Watoto walianza kufika baada ya chakula cha mchana. Yule binti alikuja wa mwisho, viatu vimepigwa rangi, akasimama mlangoni hakukaa.

"Mkono uko wapi?"

"Unakuja," mtoto wetu akasema. Akaniangalia. Alikuwa amevaa gauni jipya na alikuwa anakunja pindo lake kwa vidole, anakunja anakunjua.

Nikaenda dukani. Bado. Nikarudi, nikawaimbisha nyimbo, nikaenda tena. Bado. Dada akagawa maandazi. Nikaenda tena, mwenye duka akaifunga friji kwa kiuno, akasimama hapo hapo.

"Kila ukifungua unaingiza jua. Wewe umezaliwaje usiyekaa?"

"Mama, wananisubiri."

"Na jeli nayo inakusubiri uiache."

Nyuma yangu nikasikia kutoka uwanjani kwa dada: "Si tuliwaambia? Hamna mkono. Tuondoke." Sikungoja mwingine aongeze. Nikachomoa mkono, nikakimbia nao, nikaulaza kwenye sinia mbele yao wote na nikachana glavu kwa mkasi.

Kiganja kilisimama. Gumba likasimama, na kidole cha pili. Vingine vitatu havikuwa vimeganda katikati. Vilitoka kwenye glavu vikatiririka, vikaenda kwenye ukingo wa sinia na karanga zake juu, zinaelea. Nikamwaga damu haraka haraka nifunike. Damu ikafanya ionekane vibaya zaidi.

Hakuna aliyecheka. Mtoto wetu alikuwa ameacha pindo la gauni.

Yule binti akasogea. Akainama juu ya sinia kwa muda mrefu.

"Wa baba yangu uko hivi," akasema. "Gumba na hiki. Vile vingine vilienda na karasha."

Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Zinalia mji mzima, mpaka unazizoea. Dada akanyoosha mkono achukue sinia aiondoe, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niombe msamaha, sijui kwa nani. Mtoto wetu akatuwahi.

"Anaandikaje?"

"Kwa kushoto. Alijifunza."

"Na kukuchapa?"

"Kwa kushoto pia. Kunauma zaidi."

Mmoja akaguna kicheko. Yule binti naye akacheka, na alipocheka wote wakacheka, wakasukumana kuzunguka sinia. Mmoja anasema mjomba wake hana sikio, mwingine anasema babu yake ana jino la dhahabu, wanamwambia muongo, anaapa. Wakachota vidole vilivyoyeyuka kwa vijiko. Mtoto wetu alikuwa katikati yao, rozela mpaka kwenye pua, anauliza maswali, na safari hii walikuwa wanamjibu.

Kilipobaki kidole cha pili peke yake, wote walikuwa wanakitamani. Yule binti akaweka kiganja juu yake.

"Hiki nampelekea baba. Atacheka huyo!"

"Kitayeyuka njiani," nikasema. "Ngojeni nikirudishe kwenye friji, kikikaza ndiyo—"

"Kwao ni hapo tu, mamdogo," mtoto wetu akanikatisha. Alikuwa ameshaleta kisahani. Alikishika upande mmoja, mwenzake akakishika upande wa pili, wakatoka getini wanakwenda kwa haraka ya kutokimbia, kila mmoja anamwambia mwenzie usitikise.

Nikainuka niwafuate. Dada akanishika sketi.

"Kaa chini."

Nikakaa. Vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu vilikuwa bado vinatembea.