Karatasi Kizingitini

Sheria haikuniruhusu kumkabidhi mume wangu karatasi za talaka kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana nikamkodi mpeleka karatasi za mahakama, Mrundi wa makamo. Kila baada ya dakika chache alipaka sanitaiza mikononi, kisha akaipangusa kalamu yake pia. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata ndani ya gari ilinibidi nimwinamie. "Mama Belyse, akikataa kupokea, nitaziweka chini mbele yake na kumwambia ni za nini. Lazima asikie." Alilirudia hilo mara tatu njiani kwenda kitongoji cha Penrith, kama vile yeye ndiye anayeachwa. Aliniambia pia kwamba kazi hii huifanya kwa Kiingereza tu.

Mume wangu, Gad, alifungua mlango akiwa na barakoa. Nilimtambua kwa mabega, nikamwonyesha kwa kidole. Mpeleka karatasi alimwita jina, akamnyooshea bahasha. Gad akaficha mikono mgongoni. Basi mpeleka karatasi akainama, akailaza bahasha kizingitini, akainyoosha ilingane na ukingo wa zulia, akarudi nyuma mita moja na nusu kwa ajili ya korona. Jirani, mbea kama majirani wote wa miezi ile ya kufungiwa ndani, alizima mashine ya kukatia nyasi ili asikie vizuri. Mpeleka karatasi akamtazama jirani huyo. Akavuta pumzi, akapaza sauti kwa Kiswahili: "Kaka, hizi ni karatasi za talaka. Mkeo ameomba mahakamani. Pole sana."

Mtaa mzima ulimsikia, ila sisi watatu tu ndio tuliomwelewa. Jirani akampungia mkono, akidhani amesalimiwa, na Gad akainama akaiokota bahasha.