Aliyemkaribisha Mama Hodi

Wifi yangu alikuwa anabisha hodi kwa maiti. Msicheke. Kila asubuhi, kabla hajafungua chumba cha maiti cha hospitali yetu, alisimama mlangoni, akagonga na kuita, "Hodi wenyewe?" Kisha anasubiri. Anasubiri, jamani! Mimi nilikuwa mfagiaji wa korido hiyohiyo, basi naegemea ufagio wangu namwambia, "Wifi, siku wakikujibu utaacha viatu hapo mlangoni."

"Wakinikaribisha nitaingia," anasema. "Hawa nao ni watoto wa Mungu. Mtu haachi kuheshimiwa kwa sababu amekata roho."

Ndipo watu wakampachika jina la Mama Hodi.

Alikuwa mlokole, lakini si wa makelele. Hakuwahi kunihubiria hata mimi, niliyeingia kanisani kwenye harusi na misiba tu. Dini yake aliifanyia mle ndani. Kila maiti alimwosha uso kwa maji ya vuguvugu, aliyoyabeba kutoka nyumbani kwenye chupa ya chai, maana msimamizi alikuwa amemkataza kuchemsha maji ya hospitali.

"Kwani maiti anasikia baridi?" msimamizi alimfokea siku moja.

"Mimi ndiye ninayeisikia," akamjibu, akaendelea kuosha.

Kwenye droo ya mwisho ya majokofu ya maiti alilazwa mzee mmoja aliyeokotwa barabarani akiwa amekufa. Hana jina, hana wa kumuulizia. Kila asubuhi wifi anaivuta droo, anamsalimia. "Shikamoo baba. Bado hatujampata mtu wako, lakini tunakuombea." Nilikuwa namuonea huruma, na pia, sitaki kudanganya, nilikuwa namuona kachanganyikiwa kidogo.

Asubuhi moja tulikuta korido imenyamaza. Majokofu, ambayo huunguruma kutwa kucha, hayakutoa sauti. Wifi akagonga.

"Hodi wenyewe?"

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na kavu, ya mtu ambaye koo lake halijaonja maji siku nyingi. "Karibu, mwanangu. Fanya haraka."

Ufagio ukanitoka mkononi. Nilipiga yowe, nikatimua mbio mpaka mwisho wa korido, nikakumbatia nguzo. Kutoka pale nilimuona wifi. Alikuwa ameikumbatia chupa yake ya chai kifuani. "Bwana Yesu, nishike mkono," akasema. Akaingia. Ndani majokofu yakaanza kuunguruma tena.

Yowe langu lilimleta msimamizi, nami nikajikokota nyuma yake mpaka mlangoni. Aliye hai mle ndani alikuwa wifi peke yake, ndivyo tulivyodhani. Karibu na mlango, juu ya machela, alilala bibi mmoja aliyeshushwa kutoka wodini alfajiri, anasubiri droo.

"Mwingize huyo, machela inatakiwa juu," msimamizi akasema.

"Sijamwosha."

"Leo hakuna kuosha!" Akaishika machela mwenyewe, akaisukuma kuelekea droo iliyokuwa wazi.

Wifi yangu, mtu asiyegombana hata na inzi, akaenda kusimama mbele ya ile droo. "Basi utanisukumia na mimi humo."

"Kazi huna!"

"Sawa. Nimwoshe kwanza."

Akamimina maji kwenye kitambaa. Akafuta paji la uso, akafuta mashavu, polepole, akimsemesha kama mtoto anayeamshwa. Alipofika machoni, kope ikacheza. Nikasema ni macho yangu. Ikacheza tena. Safari hii yowe lilipigwa na msimamizi, tena lilizidi langu.

Ile machela ilirudi wodini mbiombio kuliko ilivyoshuka. Bibi akapona.

Alipoweza kuketi, binti yake alituita atushukuru. Mimi na mdomo wangu nikauliza, "Bibi, ile nguvu ya kusema karibu uliipata wapi?"

Binti akanikodolea macho. "Mama? Mama hajatamka neno tangu alipopooza."

Bibi akaushika mkono wa wifi. Kwa mkono wake mzima akanyoosha kidole, nami nikadhani ataelekeza mbinguni. Akaelekeza chini, kule kwetu. Kisha akaulaza ule mkono, akausukuma taratibu, kama mtu anayefunga droo iliyo ya mwisho kabisa.

Wifi akaanza kulia. "Ni baba," akasema. "Ni baba yangu wa kule."

Mzee yule hakuzikwa na watu wa jiji, wanaozika maiti wasio na ndugu. Walimzika watoto wa bibi, na bibi mwenyewe alikuwa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu. Kabla ya kumteremsha, wifi aliinama akagonga jeneza kwa vidole, taratibu.

"Asante kwa kunikaribisha, baba," akasema. "Sasa na wewe kabishe hodi."

Nasi sote pale kaburini tukatega masikio, tukasubiri.