Tairi za Kiangazi

Verlin Kuhlman aliwahi kusubiri miezi kumi na minne ili apate kitasa cha mlango wa jikoni. Nyumba yao ilijengwa mwaka 1931, na kitasa kilipovunjika alikataa katakata kuweka cha dukani. Miezi yote hiyo mkewe, Nadine, alikuwa akifungua mlango kwa bisibisi. Hatimaye kitasa kikafika, cha shaba, sawasawa na cha zamani, kikakaa mahali pake kana kwamba hakijawahi kutoka. "Umeona?" Verlin akasema. Nadine akajibu kwamba ameona, akairudisha bisibisi kwenye droo ya vijiko. Alikuwa ameshaizoea.

Haya alinisimulia Nadine mwenyewe, wakati bado anaweza kusimulia. Sisi ni majirani. Kati ya nyumba yetu na yao kuna ua wa miti mifupi tu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sijapata kazi, na mama yangu alinitolea ahadi bila kuniuliza: kila siku saa nane mchana niende kumsomea Nadine vitabu, kwa sababu mikono yake haikuweza tena kufunua kurasa.

Neva zinazoendesha misuli zilikuwa zinakufa. Ugonjwa ulianzia vidoleni mwezi wa pili, na kufika Septemba ulikuwa umeshapanda mabegani na kushuka miguuni. Akili haukuigusa. Dawa hakuna, na daktari hakuwazungusha. Aliwaambia hivyo hivyo.

Nadine aliomba kitu kimoja tu: safari ya Oktoba. Tangu mwaka 1987, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi huo, yeye na mumewe walipanda gari la spoti la Verlin wakafuata barabara ya ziwani mpaka kwenye mnara wa taa wa Marblehead. Walikula mkate wenye samaki wa kukaanga humo humo garini, vioo vikishika ukungu, kisha wakarudi. Lilikuwa gari la Kijerumani la mwaka 1986, rangi ya fedha, lenye viti viwili vya mbele vilivyo chini kama beseni la kuogea.

Katikati ya Septemba Verlin alilipandisha gari kwa jeki, akapita na tochi kila gurudumu. Kashata za tairi, yaani meno yanayokanyaga lami, zilikuwa nzima, lakini mpira wa ubavuni ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Tairi zilikuwa na miaka kumi na mmoja. Chet, mwenzake wa chama cha magari ya zamani, alikufa kwenye barabara kuu na tairi za namna hiyo hiyo: kashata nzima, mpira mkongwe, zikabanduka katika mwendo. Verlin alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.

"Kwa hizi sikubebi," alimwambia mkewe.

"Basi tafuta nyingine," Nadine akasema. "Ila usitafute kama kitasa."

Tulikwenda kwenye duka la tairi la Gus Ferrante sote watatu, kwa gari lao kubwa la kila siku, kwa kuwa Nadine hakuweza kuachwa peke yake. Yeye na mimi tulibaki ndani, kioo kikiwa wazi. Gus, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo, alizungusha tairi mbili sakafuni mpaka mlangoni.

"Hizi hapa. Za misimu yote. Jua, mvua, theluji, hazichagui. Lilete gari, kanywe kahawa, ukirudi linatembea."

Verlin alitoa futi yake ya chuma mfukoni. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha gia, kwenye chumba cha vipimo, na alistaafu bila kurudishiwa chuma hata kimoja kwa kosa la kipimo.

"Zinapanda juu mno," alisema. "Zako zinazidi kwa kidole kizima. Mshale wa mwendo utakuwa unanidanganya."

"We Verlin, una miaka sabini na mmoja. Unamkimbia nani?"

Nadine alicheka mpaka nikamshika kichwa kisianguke. "Muulize," akapaza sauti, "zinafika Marblehead?"

"Zinafika mpaka Florida, mama!" Gus akajibu.

"Gari langu halikutengenezwa kuvaa viatu vya gari la kupeleka watoto shule," Verlin akasema, akairudisha futi mfukoni.

Jumamosi yake alikuja Lorne, wa chama hicho hicho, na tairi nne nyuma ya pikapu lake. Zilikuwa chapa ileile iliyotoka na gari kiwandani, hazijawahi kufungwa, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Lorne alizishusha kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Majaji wa maonyesho watakupa alama zote. Zimekaa gizani tangu nizinunue."

Verlin alipiga goti akasoma namba nne zilizochapwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. "Hizi zina miaka kumi na tisa, Lorne."

"Hazijagusa lami hata siku moja!"

"Mpira unazeeka hata kabatini. Umemsahau Chet?"

Lorne akazipakia tena tairi zake, na hakuaga. Katika hilo Verlin alikuwa sahihi, na nadhani ndilo lililomponza. Alipoingia ndani alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda, na kutoka hapo hakuna aliyeweza kumrudisha kwa Gus. Aliagiza tairi zenyewe kwenye ghala la jimbo la mbali: tairi za kiangazi, mpira laini, mbele nyembamba kidogo kuliko nyuma, vipimo kama vya kitabu cha gari. Walimwambia zitafika tarehe kumi Oktoba.

"Wiki moja tu itapita," alisema.

"Kafunge zile za Gus," Nadine akasema.

"Za Gus si zenyewe."

"Hata mimi si mwenyewe, Verl, na bado unalala na mimi."

Alimpangusa mkewe mdomo, akaenda kupiga simu kuulizia mzigo.

Tarehe kumi zikaja mbili tu, za mbele. Za nyuma ghala lilikuwa limeishiwa, na nyingine zilikuwa bado melini kutoka Ulaya. Majani ya miti yakageuka, yakaanguka, yakafagiliwa. Nadine akaacha kutembea, halafu maneno yake yakaanza kuteleza, hata ikawa mimi na muuguzi wa nyumbani ndio tunaomwelewa vizuri. Tairi za nyuma zilifika tarehe kumi na nne Novemba. Gus alizifunga zote bila utani wowote, na Verlin akapanga safari iwe Jumamosi.

Ijumaa ilinyesha mvua ya barafu, na magari ya mji yakapita yakimwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu.

Huku kwetu, mwenye gari la zamani analolipenda halitoi nje baada ya chumvi ya kwanza. Linafunikwa shuka, betri inatolewa, na linakaa mpaka mvua za masika zisafishe lami. Chumvi inakula chuma kutoka chini, mahali usipopaona. Nimekua nikiliona hilo likifanyika kila mtaa, na sikuwahi kulifikiria mara mbili.

Asubuhi ya Jumamosi tulimvalisha Nadine, mimi na muuguzi. Ilituchukua dakika arobaini: koti, glavu, skafu ya buluu aliyoichagua kwa macho. Tulimsukuma kwenye kiti chake mpaka mlango wa gereji. Verlin alikuwa nje, amechuchumaa mwisho wa njia ya gari. Aliokota punje barabarani akaionja kwa ncha ya ulimi. Kisha akarudi akaminya tairi ya mbele kwa dole gumba.

"Imekuwa ngumu kama ubao," alisema, bila kumtazama mkewe. "Baridi hii si yake. Haishiki. Na chumvi imejaa." Akavua glavu moja. "Aprili, Nadine. Mvua mbili tatu zikipita. Aprili bila kukosa."

Nadine alisema kitu. Alikisema polepole, kwa juhudi, na mimi nilikisikia neno kwa neno: Aprili sitakuwa na shingo.

"Amesemaje?" Verlin akaniuliza.

Sijawahi kuwa mtu wa kumwambia mtu jambo zito usoni. "Anasema Aprili ni mbali," nikajibu.

"Si mbali sana," Verlin akasema, akavuta mlango wa gereji ukashuka.

Nadine alinitazama. Hakukasirika, alinitazama kama unavyotazama basi lililokupita. Tangu siku hiyo sikubadilisha tena neno lake.

Aprili mvua zilikuja mapema. Barabara zikatakata. Nadine alikuwa anapumua kwa mashine, kichwa chake kimefungwa mkanda kwenye kiti cha magurudumu, na alizungumza kwa kutazama ubao wa herufi nilioushika mbele yake. Siku tatu mfululizo Verlin alipima: kimo cha kiti cha gari, upana wa mlango, urefu wa bomba la mashine, pembe ya mgongo. Aliandika namba kwenye karatasi, akazifuta, akaziandika upya. Muuguzi alimwambia taratibu kwamba haiwezekani, akaendelea kupima.

Siku ya nne tulimweka Nadine dirishani, na Verlin akalitoa gari. Liling'aa. Alipita mbele ya nyumba taratibu sana, akazunguka mtaa, akapita tena, mikono yote miwili kwenye usukani. Macho ya Nadine yakaenda kwenye ubao, herufi baada ya herufi. Nikatoka mbio nikamsimamisha barabarani.

"Anasema uongeze mwendo."

"Tairi mpya hazikimbizwi hivyo," akasema kupitia dirishani. "Zinataka maili mia mbili kwanza. Mpaka ile ngozi ya kiwandani itoke, ndipo zishike vizuri."

Nilimwona akisikia alichokisema. Akaondoka, na alipokata kona nilisikia injini ikipanda sauti, ikipanda kweli, halafu ikashuka tena kabla ya mtaa wa pili.

Nadine alifariki tarehe tisa Mei. Mwezi uliofuata Verlin aliniita jikoni kwao, kahawa mkononi, akaniomba nimwandikie tangazo la kuuza gari. Alitaja mwaka, rangi, injini, mmiliki mmoja tangu jipya.

"Tairi mpya," akasema. "Maili kumi na tisa."

Nikaandika. Nikamuuliza kama nitaje kwamba ni za vipimo vya asili.

Aliangalia ule mlango wa jikoni wenye kitasa cha shaba.

"Andika," akasema. "Andika ni zenyewe."