Bluberi za Siku ya Posa

Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya watu waliokuja kumposa mjukuu wangu Neema, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Siku moja kabla ya posa tulikwenda shambani na akina mama wa kanisani kuchuma bluberi, vile vitunda vya buluu. Mwenye shamba akatuonya, Neema akanitafsiria: tuchume vigumu, tukifika nyumbani tuvitie kwenye friji hapo hapo, maana kuna kainzi kadogo kanataga mayai ndani ya tunda likishaiva. Nilisikia vizuri. Ila kwangu mimi tunda gumu ni bichi, nikachuma vile laini laini, na friji inaua utamu, nikaviacha jikoni mpaka kesho yake.

Wageni wakafika kwetu Rexdale, kwenye ghorofa za huku ughaibuni, lifti mbovu kama kawaida yake, mama wa kijana (wao wanakaa Markham, nyumba yao haina majirani juu wala chini) anahema kwa ngazi. Nikamwekea bakuli, naye badala ya kula akauliza kama vimeoshwa. Kuniuliza mimi, nyumbani kwangu. Nikaleta maji, nikatia chumvi konzi nzima mbele ya macho yake, kama ninavyoosha mchicha maisha yangu yote, nikamwaga vitunda humo. Mjomba wa kijana akasema tuombe kwanza, na mzee yule akianza kuomba hamalizi leo (aliombea hata barabara waliyojia). Tunafumbua macho, chumvi imeshafanya kazi yake: vifunza vyeupe, vyembamba kama uzi, vinajinyonganyonga majini.

Mama wa kijana akasimama na mkoba wake.

“Kumbe hivi ndivyo mnavyokula?”

Neema akanibana goti, ananong'ona niombe radhi. Radhi ya kuosha?

“Funza wangu nimewatoa ukiona, mwanangu,” nikamwambia. “Wa kwako wa dukani huwa unawameza.”

Neema machozi yanamlenga, nikajua posa ndiyo hiyo inatoka mlangoni. Mara mjomba akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akamvuta yule mama mkono.

“Kaa, dada. Tumekuja kuomba mke, hatukuja kuomba matunda.”

Akakaa. Posa ikapita, ingawa hata maji yetu hakuyagusa.

Vitunda laini sichumi tena, na friji nimeikubali. Lakini kila tukikutana kupanga harusi, mama yule ananitazama kama anayengoja neno la radhi. Angoje. Siku ya harusi jikoni nasimamia mimi, na chumvi nimeshanunua.