Juu na Chini

Cheti changu cha kompyuta kimetundikwa sebuleni kwa mama, Lodwar, mahali ambapo kila anayeingia lazima akione. Kimeandikwa kwamba nimehitimu vizuri sana. Kila nikikitazama natamani kukichana, ila mama atalia.

Kozi ilikuwa Kakuma, ya bure, kwa wakimbizi na kwa sisi wenyeji. Bure hiyo ilimlia mama mbuzi wake wa maziwa, maana ilibidi nile na nilale huko mpaka mwisho. Mama hakunung'unika. Alitaka jambo moja tu: mwanawe apate kazi ya ofisini, Lodwar hii hii, aketi chini ya feni.

Kompyuta zilikuwa za msaada, kuukuu, zimejaa vumbi, na kila moja tuliitumia wawili. Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza chai kambini kabla ya darasa. Siku ya kwanza mwalimu alijaribu kufungua programu ya kuandikia, ikadai nenosiri. Hakuna aliyelijua. Fundi wa kuifungua angetoka Nairobi. Kitu pekee kilichofunguka bila masharti ni mchezo wa zamani wa nyoka: kamstari kanatembea kwenye kioo, kanameza vidoti, kanarefuka, na kakigusa ukuta kanakufa.

"Hii gemu inalainisha vidole," mwalimu alisema. "Kutaipu ni wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo haikufika. Leo fundi yuko njiani, kesho amekwama, keshokutwa ameajiriwa kwingine. Sisi tukacheza nyoka. Kwa kuwa kibodi ni moja na sisi ni wawili, mimi na mwenzangu tuligawana mishale: mimi juu na chini, yeye kulia na kushoto. "Fog!" alinipigia kelele kwa Kiarabu chake cha Juba, yaani juu, nami napandisha. "Tihit!" nami nashusha. Nyoka wetu alijaza kioo kizima, akipita ubavuni mwa ukuta bila kuugusa, hadi wengine wakaacha mashine zao waje kututazama. Wageni wafadhili walipokuja na magari yao na maji yao ya chupa, ni sisi waliotupiga picha. Mmoja akauliza kwa Kiingereza kama tunafurahia. Tulifurahia kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wakatupa vyeti. Mwenzangu akabaki Kakuma, kwa sababu mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na nani atampa muuza chai kibali cha kwenda kutafuta kazi? Mimi nikarudi Lodwar, nikaitwa kwenye mahojiano katika ofisi moja. Afisa alisoma cheti changu, akaridhika, akaniketisha mbele ya kompyuta safi. Akaniambia niandike barua fupi ya kuomba kazi hiyo, kisha akatoka kuzungumza kwenye simu.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mishale. Niliutoa kwa nguvu, nikaanza kutafuta herufi ya kwanza ya jina langu. Sijui nani alizitawanya herufi zile namna ile. Miezi yote nilizikalia mbele na sikuwahi kuzihitaji. Hata hiyo mishale, niliijua miwili tu. Mingine miwili niliiacha Kakuma kwa mwenzangu.

Afisa aliporudi, jina langu lilikuwa bado halijaisha. Hakunicheka. "Sawa, madam, tutakupigia," alisema, nami nikajua hiyo simu haitalia.

Nilimweleza mama kila kitu. Hakuamini. Alisema maofisa wanataka hongo, cheti hakina kosa, na akaendelea kukipangusa vumbi. Ndipo jirani yetu akaja na binti yake, msichana mwenye akili kunishinda. Jirani alitusalimu kwa Kiturkana, "Ejok," akaenda moja kwa moja kukiangalia cheti.

"Hii ndiyo ya Kakuma? Na mimi napeleka huyu yangu. Mbuzi nimeshauza."

"Mama, nakuomba usimpeleke," nilimwambia jirani. "Hawafundishi kitu. Ni kucheza nyoka asubuhi mpaka jioni."

Jirani akakiacha cheti, akanikabili. "Wewe umeshapata yako, sasa unafungia wenzako mlango. Hiyo ni roho mbaya."

Nilimgeukia mama yangu anitetee. Aliinamisha kichwa kwa aibu, akamwongezea jirani chai. Hasira ya siku ile sijaimeza mpaka leo. Binti akaenda.

Juzi mwenzangu alinipigia simu kutoka Kakuma. Bado yumo darasani. Wamemwandikisha upya, kwa sababu wageni wanarudi na hakuna anayemweza nyoka kama yeye. Nenosiri halijapatikana. Sauti yake ilijaa furaha.

"Dada, kuna msichana ya huko kwenu amekuja, amekalia kiti yako," aliniambia. "Anashika haraka sana! Mimi nimepea yeye juu na chini."