Maji Yaliyokaa Bure Juu ya Paa

Jumapili, katikati ya mwezi wa sita. Ukungu umekaa hapa Kitangari tangu alfajiri mpaka tulipotoka kanisani, na upepo wake ni ule wa kuingia mifupani.

Mwanangu Tabitha, umenipigia simu kwamba umepewa jengo lako la kwanza, ghorofa kumi na mbili za kuishi watu, na wewe ndiye utakayechora mabomba yote ya kuzimia moto. Ukaniomba nikuombee. Nimekuombea. Lakini kuna jambo sijawahi kukueleza, na sijui kama nitaliandika vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Pengine unayajua yote haya. Nivumilie.

Nakumbuka asubuhi moja huko Dar es Salaam, nikiwa kijana, fundi bomba wa jengo la ghorofa kumi. Maji ya mjini yalikuwa yamekatika siku ya tatu. Wanawake walishuka ngazi na ndoo, akiwemo Mama Zuhura wa ghorofa ya tisa, aliyekuwa akimuuguza mama yake asiyeweza kutembea vizuri. Nikapanda juu ya paa, nikafungua mfuniko wa tenki. Nusu nzima ilikuwa na maji, yametulia tu.

Tenki lile lilikuwa na matundu mawili. La chini kabisa lilikwenda kwenye mipira ya kuzimia moto. La wapangaji lilikuwa katikati, ili maji yao yakiisha, nusu ya chini ibaki akiba ya moto. Niliambiwa hivyo nilipoajiriwa. Siwezi kusema sikuambiwa. Lakini unatujua sisi wa huku juu Umakondeni, maji yetu yako mbali bondeni. Bibi yako aliteremka bondeni na kupanda tena na ndoo moja kichwani, na maji aliyoniogeshea aliyakinga akamwagilia mpapai. Mtu aliyelelewa hivyo akiona maji yamekaa bure na watu hawana hata ya kupikia, moyo haumpi. Nikaunga bomba la wapangaji kwenye tundu la chini.

"Jamani, fundi wetu! Mungu akupe mke mwema!" akasema Mama Zuhura akijaza ndoo. Nami siku ile nilitembea kama mkuu wa wilaya. (Mke mwema nilimpata, hilo nalo niseme.)

Kesho yake, saa nne asubuhi, cheche ya jiko la mkaa ilishika pazia sebuleni kwa Mama Zuhura, kisha kochi. Yeye alikuwa koridoni. Mama yake alikuwa chumbani, na njia ya kutoka ilipita kando ya kochi lile. Nilifika nikikimbia, nikamkuta anataka kuingia. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Subiri, maji yanakuja." Akanisikiliza. Nikavuta mpira, nikafungua. Ukatoa upepo, ukakohoa maji ya kutu kama kikombe kimoja, basi.

Tabitha, aliniangalia. Halafu akaingia.

Majirani walikuja na ndoo zao, wakamwaga, moto ukazimika. Mama mzee alitolewa hai, anakohoa. Mama Zuhura aliungua mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Na nisipendelee upande: maji ya ndoo zile ni yaleyale niliyoyafungulia mimi. Nilijitetea kwa jambo hilo.

Fundi mkuu wangu, Mzee Athumani, Myao wa Chiungutwa, mtani wangu, alipanda kwenye tenki, akalikuta kavu, akashuka. "Mmakonde wewe," akasema mbele za watu, "kwenu mmezoea kuchota, hata maji ya zimamoto umeyachota?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikadhani yameisha. Akanivuta pembeni.

"Ndoo si zilikuwepo, Mzee?" nikasema.

"Zilikuwepo kwa kuwa walikuwa hawajafua. Wangefua jana, leo ungezima na nini? Nenda hospitali. Usimwambie mpira uliharibika. Mwambie maji uliyatoa wewe."

Nilikwenda. Mama Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umefungwa bandeji.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua akiba ni ya moto, dada. Sikudhani moto utakuja."

"Maji hata mimi niliyataka," akasema. "Ningejua ni ya nini, ningekwambia yaache. Mbona hakuna aliyetuambia?"

Hakusema amenisamehe. Nisimwekee maneno mdomoni. Aliniomba tu nimshikie kikombe cha chai anywe. Nikamshikia.

Basi mwanangu, unapochora, usiufikirie moto peke yake. Mfikirie na mama aliyeishiwa maji siku ya tatu, na fundi mwenye huruma na spana mkononi. Wapangaji wawe na tenki lao, la kutosha siku za mgao, na la moto liwe peke yake. Wakubwa wako wakisema moja latosha, usigombane, ila usichoke kuwaeleza. Kando ya bomba lenyewe paandikwe kwa Kiswahili, kwa rangi, kwamba maji haya ni ya nini. Wapangaji wauone mpira ukitoa maji kabla hawajaingiza vitanda, na mtunza jengo aujaribu kila mwezi. Sijui kama hesabu zenu zina nafasi ya mambo haya. Kama hazina, itafute. Na ukikosea, maana una haraka kama yangu, sema mapema, wewe mwenyewe, kwa yule uliyemkosea.

Mungu aibariki mikono yako. Watakaolala katika nyumba unazochora, wasiolijua hata jina lako, waamke wote, na wewe uamke nao.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Mama yako amezidisha chumvi, ingawa ni mimi niliyemwambia aongeze.