Mwenyekiti wetu alipokalishwa kwenye kiti chenye mwenyewe

Wakuu wa jukwaa,

Nazipokea shikamoo zenu kabla hamjazitoa. Marahaba.

Mimi sikusoma. Ninasema, na mjukuu wangu Baraka anaandika. Nimemkataza kuongeza chumvi, na nimemkataza pia vile vikatuni vya kucheka. Nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu hapa DeSoto, Texas, na waliokuwepo ukumbini wamo humu. Wanikanushe wakithubutu.

Baraka ana dada yake, Rehema. Miguu yake haijapata kumbeba tangu utotoni, nami ndiye niliyemlea. Leo ni bingwa wa tenisi ya viti vya magurudumu. Anaishi Missouri City, upande wa Houston, na watu wa huko wamemtengenezea filamu ya maisha yake.

Jumuiya yetu ya Watanzania ikaomba filamu hiyo ionyeshwe nyumbani, hapa DeSoto alikokulia.

Rehema akanipigia simu.

"Bibi, nitakuja. But nikipewa pole kwa sababu ya hiki kiti, hiyo ndiyo mara ya mwisho. Houston watu wananiambia hongera. Home ndiko wananipa pole, kama kuna msiba."

Nikamwahidi kuwanyamazisha. Wakuu, mimi hunyamazisha watu kwa jicho tu. Siku ile jicho lilishindwa kazi.

Hapo hapo mlangoni: "Pole na safari!"

Hiyo niliiruhusu, maana barabara ya Houston ni ndefu.

"Pole na hali."

Mama Glory, muuguzi ambaye kazini kwake hushinda na watu wenye viti kama hivyo, alimshika shavu, machozi yakamlenga. "Pole, mwanangu. Mungu anaona."

Rehema akanigeukia. Alitoa funguo za gari kwenye mkoba, akazishika mkononi, wala hakuzirudisha.

Hapa nisimame kidogo. Sisi hatuna uwezo wa kuwasha filamu bila hotuba. Kulikuwa na sala, kukawa na risala, kukawa na utambulisho wa meza kuu, kisha utambulisho wa wale waliosahauliwa katika utambulisho. Jua likazama, filamu haijawashwa.

Ndipo mshereheshaji akatangaza: "Sasa namwomba Mwenyekiti apite mbele!"

Rehema akasukuma magurudumu yake, akapita mbele.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshereheshaji akamnong'oneza, naye amesahau kuzima kipaza sauti: "Si wewe, dada. Mwenyekiti."

"Yes. Mwenye kiti," Rehema akajibu. "Kuna mwingine mwenye kiti hapa?"

Hakuwa akitania. Kiswahili chake amekipata jikoni kwangu, na jikoni kwangu hakufanyiki vikao.

Mwenyekiti wetu, mtu mzima aliyevaa suti ya vipande vitatu, hakufurahishwa. Akakitwaa kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tumpe pole binti yetu. Anateseka, lakini anajitahidi. Na tumshukuru Mungu kwamba mchezo wenyewe ni wa kukaa. Kukaa hata mimi naweza!"

Wakapiga makofi. Wakuu, walipiga makofi.

Nilidhani Rehema anaelekea mlangoni. Badala yake akamrushia Baraka zile funguo. "Niletee kile kiti cha mchezo na raketi mbili garini." Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Anko, twende nje. Tukakae."

Kanga zangu mbili zikafungwa kati ya magari mawili, chini ya taa za maegesho, zikawa wavu. Rehema akabaki kwenye kiti chake cha kila siku. Mwenyekiti akafungwa mkanda kwenye kile cha mchezo, ambacho magurudumu yake yamelala upande.

Mpira wa kwanza ulimpita akiwa anapapasa chini.

"Breki iko wapi?"

"Hakina breki, Anko."

Wa pili, alisukuma gurudumu moja, akazunguka kama feni.

"Anko, relax! Unaruhusiwa kuuacha udunde mara mbili!"

"Udunde mara ngapi, na mimi siuoni?"

Wa tatu ulimkuta kwenye maua ya nje ya ukumbi, tai iko begani, jasho linamtiririka.

"Pole, Mwenyekiti!" umati mzima ukasema, tena kwa huruma ya kweli.

Rehema akamsogelea, akampa mkono. "Pole, Anko."

"Asante. Nimeshapoa," akajibu akihema. Hakuwa amepoa.

Tukarudi ndani, na filamu ikawashwa bila hotuba. Katikati ya fainali, Rehema anaanguka yeye na kiti chake. Nikamwona Mama Glory amefungua mdomo.

Mwenyekiti akamwahi. "Nyamaza, Mama Glory! Mtu yuko kazini!"

Rehema akajiinua, akashinda. Neno nililolisikia ukumbi mzima ni hongera, na lililotangulia lilikuwa la mtu mwenye majani ya maua kwenye suti.

Kesho yake alirudi Houston. Kile kiti cha mchezo hakukichukua, maana anacho kingine. Kiko gereji kwangu, na Mwenyekiti ameshapita kuuliza kama anaweza kukiazima hadi Rehema atakapokuja tena.

Funzo langu ni fupi. Pole ni neno jema, mpeni aliyeumia. Aliyeshinda mpeni hongera, hata kama amekaa.

Sasa semeni nanyi: kwenye jumuiya zenu, filamu huwashwa baada ya hotuba ya nani? Na atakayeandika hapa chini "pole Bibi", aje DeSoto na raketi yake. Kanga bado ninazo.